Jina Langu Juu ya Mifupa ya Mwingine

Kelmynė, 6 Septemba 1992

Mheshimiwa Zenonas Karužas,
Mbunge na Mshairi, Vilnius.

Baada ya salamu. Mimi huku ni mzima wa afya, ila kwa mujibu wa gazeti ni marehemu, na hofu yangu ni juu yako wewe utakayefunua kaburi langu.

Nimesoma kwamba Jumapili tarehe 18 Oktoba, wiki moja kabla ya uchaguzi, unakwenda kwetu Medšilis kufunua jiwe la Izidorius Varneika, mpiganaji wa msituni, aliyeuawa mwaka 1947 akiwa na miaka ishirini na miwili. Askofu atakuwepo. Redio itakuwepo. Wewe utasoma shairi lako, "Mama Mmoja Alilia", lile ambalo watu walilinakili kwa mkono miaka yote ya Warusi, na sasa watoto wanapewa sifuri shuleni wakilisahau. Mjukuu wa jirani yangu alilisoma hapa jikoni, amesimama wima kama mshumaa, machozi yanamtoka, mimi namenya viazi. Nikamwambia, "Soma taratibu, binti, nataka kusikia nilivyokufa."

Basi, bwana mshairi, Izidorius Varneika ni mimi.

Tangu mwaka ule naitwa Liudvikas Šeputis. Huyo alikuwa mtu wa huku Žemaitija, akafa kwa homa, na karatasi zake nikazipata kwa nusu nguruwe. Nimefuga nyuki wa shamba la ushirika miaka thelathini, nimeoa, nimezika mke, vyote kwa jina la Liudvikas. Uhuru ulipokuja nilisema nitajitokeza kesho. Kesho hiyo sasa ina miaka miwili.

Naomba kitu kimoja tu. Jiwe hilo lisimamishwe. Chini yake kuna mtu, na mtu huyo si mimi. Waliomwokota kwenye shimo la changarawe miaka mitatu iliyopita walimpa jina langu kwa sababu mama yangu ndiye aliyemlilia. Nami nataka siku nikifa kweli nizikwe kwetu, kwa jina nililobatizwa, bila kumsukuma mtu.

Wako marehemu,
Izidorius Varneika


Vilnius, 15 Septemba 1992

Kwa Bwana L. Šeputis.

Barua yako nimeipokea. Msaidizi wangu alitaka kuitupa, nikasema tusimtupe mzee, tumjibu.

Bwana, wapinzani wangu mwaka huu wameokota wazee wa kila aina. Wa kwanza alidai mimi ni mtoto wake. Wa pili alidai shairi ni la kwake. Wewe ni wa tatu, na nakiri umewashinda wote, maana unadai wewe ndiye maiti.

Nilikuwa uwanjani Medšilis siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Walikuwa watano, wamelazwa matopeni mbele ya duka la chumvi, na kila mwenye mtoto aliyepotea alipitishwa mbele yao ili askari waone nani atalia. Uršulė Varneikienė alilia. Alimkumbatia mwanawe, na kwa kilio hicho alipelekwa Siberia na hakurudi. Unisingizie mimi utakavyo, lakini mama yule usimtukane. Mama hakosei mtoto.

Mwandiko wako, pamoja na hayo, ni wa kuku.

Z. Karužas


Kelmynė, 19 Septemba 1992

Mheshimiwa,

Umenitukana vizuri sana, nimemsomea jirani mara mbili.

Mwandiko ni wa kuku kwa sababu shule niliacha darasa la nne, na aliyekuwa akiniandikia barua ni wewe. Umesahau? Mwaka 1943, una miaka kumi na mitatu, pua inavuja, uliniandikia shairi la kumpelekea Marcelė, binti wa mpiga kinanda wa kanisa. Uliilinganisha shingo yake na ya bata maji. Akaniuliza, "Kwani mimi shingo yangu ndefu?" Akaolewa na kinyozi. Ujira wako ulikuwa sungura mmoja, ukampeleka nyumbani ukasema umemtega mwenyewe, na mama yako akakusifu mezani. Hayo hayamo kwenye shairi lolote, wala kwenye faili la polisi.

Kuhusu mama yangu, sikia. Siku ile nilikuwa chini ya sakafu ya zizi la shangazi yangu, nimelala kwenye majani makavu na jeraha la ubavuni. Askari walikuwa wakinitafuta mimi, kwa jina. Mama alijua nilipo. Akaenda uwanjani akalia juu ya mtu mwingine akimwita Izidori, na tangu siku hiyo hakuna aliyenitafuta tena. Mama hakosei mtoto, umesema kweli. Hakukosea. Alidanganya.

Sasa nikwambie jambo la pili, ucheke ukitaka. Yule mtu huja.

Huja saa nne asubuhi, kama karani. Miguu mitupu. Anakaa kwenye benchi karibu na jiko, ananitazama nikila mkate. Haongei, uso wenyewe walishauharibu. Nimemzoea. Nikimwambia sogea nichote maji, anasogea. Lakini nikimuuliza, "Mwenzangu, wewe ni wa nani?" anainamisha kichwa. Mke wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kumwona, ila benchi lile hakulikalia hata siku moja. Miaka arobaini na mitano nina mgeni jikoni na sijui nimwite nani. Ni aibu, hata kwa mtu asiye na adabu kama mimi.

Izidorius


Vilnius, 27 Septemba 1992

Kaka Izidori,

Nilipofika kwenye neno "sungura" nilikaa chini pale pale, kwenye ngazi za bunge, kati ya magunia ya mchanga ambayo hatujayaondoa tangu vifaru vya Warusi vilipotujia Januari ya mwaka jana. Walinzi walidhani nimeugua. Nimelia na nimecheka, na sijui kipi kilitangulia. Kaka yangu, u hai! Nisamehe yote niliyoandika, isipokuwa la kuku.

Sasa nakuomba kwa magoti. Kaa kimya mpaka tarehe 25 ipite.

Hujui hali ya hapa. Nyumba hazina maji ya moto. Watu wanavaa makoti ndani na wanatuapiza sisi tuliowaletea uhuru. Wakomunisti wa jana wamebadilisha jina na tai, na watashinda. Marehemu wa Medšilis akitokea hai, na ndoo ya asali mkononi, wiki moja kabla ya kura, watasema mashujaa wote wa msituni ni hadithi za washairi. Si mimi tu nitakayeumia. Uchaguzi ukipita nitakuja mwenyewe na gari kukuchukua, na jiwe tutalibadilisha polepole, bila kelele.

Na yule anayekuja, kaka, usimuulize jina. Walikuwa wengi miaka ile. Huenda hakuna aliyebaki wa kulijibu.

Mdogo wako,
Zenonas


Kelmynė, 1 Oktoba 1992

Zenonas, mdogo wangu,

Kufa wiki tatu zaidi si kazi, nina uzoefu. Kwa hilo usinipigie magoti, utachafua suruali ya bunge.

Lakini umenikataza kumuuliza mtu jina. Wewe, ambaye unataja majina ya miti, ya ndege, ya mito, mpaka majina ya majani ambayo ng'ombe hawali. Nikajiuliza, kwa nini hili moja analiogopa? Nikamwita mjukuu wa jirani anisomee tena kifo changu. Alipofika hapa nikamsimamisha:

Goti la kushoto lina kiraka,
uzi wa buluu, mshono wa haraka;
uwanja mzima ukageuza shingo,
mama mmoja akalia.

Zenonas, mimi sijawahi kuwa na suruali yenye kiraka cha uzi wa buluu. Na shangazi yangu, aliyekuwepo, alinieleza kila kitu: vijana mliwekwa nyuma ya kamba, hatua thelathini. Mvua inanyesha. Maiti wamejaa matope hadi shingoni. Anayeweza kuona rangi ya uzi kutoka hatua thelathini ni mwewe. Au ni mtu aliyekuwepo nyumbani siku uzi mweusi ulipoisha.

Kaka yako Steponas, tuliyeambiwa amekwenda Riga kutafuta kazi ya reli. Alishawahi kuandika?

Izidorius


Vilnius, 10 Oktoba 1992

Hakuandika. Hakwenda Riga.

Nimeanza barua hii mara sita. Mimi ambaye hulipwa kwa maneno.

Aliingia msituni majira ya kuchipua, kundi lingine, upande wa pili wa ziwa, na Riga ndiyo tuliyowaambia majirani. Siku ile kina mama walipitishwa mmoja mmoja. Mama yangu alikuwa wa tatu. Askari akamuuliza, "Unamjua?" Akasema, "Simjui." Akaulizwa tena, kwa Kirusi. Akasema, "Simjui. Nina mtoto mmoja, yule pale." Akaninyooshea kidole nyuma ya kamba.

Wa nne alikuwa mama yako.

Kaka, kuna kitu sijakiandika popote. Mama yako hakumtazama maiti kwanza. Alimtazama mama yangu. Kitambo kidogo tu, kama wanawake wawili mlangoni wanaoulizana nani aingie. Kisha akajitupa matopeni, akamkumbatia kaka yangu, akamlilia kwa jina lako. Alikuokoa wewe, sawa. Lakini alijua pia amemshika mtoto wa nani, na ya kwamba bila yeye mtoto yule angeondoka pale bila kuliliwa.

Tulirudi nyumbani. Mama akapika supu ya viazisukari. Jirani mmoja alikuja kusimama dirishani kututazama tukila, na sote tulimjua alikuwa anamfanyia kazi nani. Tulimaliza bakuli. Mama akaniongezea nyingine, nikamaliza na hiyo.

Shairi nililiandika miaka miwili baadaye. Watu walidhani namlilia rafiki yangu Izidorius. Nilikuwa naionea wivu ile maiti iliyopata mama wa kuililia. Na tangu hapo, kila fomu niliyojaza, ya chuo, ya chama cha waandishi, hata ya kugombea ubunge tukiwa huru, penye "ndugu" nimeandika: hana.

Mama ana miaka themanini na tisa, anaishi nami. Mkesha wa Noeli huwapangia marehemu sahani mezani: ya baba, ya dada yake, hata ya mama yako. Ya Steponas hajaipanga hata mara moja. Nikimtaja, anauliza, "Nani?"

Nikisema jina lake tarehe 18, nitakuwa nimemfanya mama yangu mwongo mbele ya nchi nzima. Nisiposema, kaka yangu atalala chini ya jina lako mpaka mwisho wa dunia. Nifanye nini? Niambie wewe. Kaburi ni lako.

Zenonas


Kelmynė, 14 Oktoba 1992

Zenonas,

Nimevua kofia ndipo nikashika kalamu.

Leo saa nne nilimwita kwa jina lake. Alichofanya sikuambii. Hayo ni yetu, mimi na yeye.

Unaniuliza mimi nini cha kufanya. Usiniulize, uliza mtu mwenye uso safi. Mama yangu aliishi kule Siberia miaka minne baada ya siku ile. Mwaka 1948 mtu aliniletea anwani yake, kijiji, namba ya kibanda, kila kitu. Sikumwandikia hata mstari. Nilijiambia barua yangu ingefichua kwamba kilio chake kilikuwa cha uongo, wamwongezee kifungo. Nilisema namlinda. Nilikuwa najilinda. Akafa bila kujua kama kile alichokifanya uwanjani kilifaa kitu, au kama nilikufa wiki ileile kwa jeraha. Ndiye mtu unayemwomba ushauri.

Lakini kwa kuwa umeuliza: mtaje. Na mlete mama yako, mama Agota, asije akalisikia kwenye redio akiwa peke yake na paka.

Mimi nitakuwepo. Simama mbele, mimi nitakuwa nyuma kwenye uzio, kofia ya kahawia. Ukihitaji marehemu wa kukuthibitishia, nitapiga hatua.

Izidorius


Vilnius, 27 Oktoba 1992

Izidorius,

Umeona mwenyewe, lakini nataka uisome kwa mkono wangu.

Nilisoma shairi mpaka kwenye kiraka, nikasimama. Nikasema, aliyelala hapa si Izidorius Varneika, ni Steponas Karužas, kaka yangu. Nikamgeukia mama kwenye kiti chake. Kijana wa redio akamwekea kipaza sauti mdomoni kabla sijamzuia. Mama akalitazama jiwe, akawatazama watu, akasema kwa sauti ileile, neno kwa neno: "Simjui. Nina mtoto mmoja, yule pale." Akaninyooshea kidole.

Baada ya hapo ulisikia. "Mwizi wa maiti!" "Kura hazikutoshi, sasa unataka na kaburi?" Bibi mmoja alinitemea mate kwenye koti. Gazeti la Jumanne liliandika: MGOMBEA AMPORA SHUJAA. Juzi nimeshindwa, na si kwa kura chache.

Ubunge nimeshauzika. Ninachouliza ni kimoja. Ulikuwa pale kwenye uzio. Nilikuona. Neno moja, "Izidorius ni mimi," na nisingekuwa mwongo. Nilikutazama, na wewe, kaka, uligeuza shingo.

Mama hajasema nami tangu siku ile. Anakula, analala, akiniona anainua macho kama tulivyomwinulia yule jirani wa dirishani. Nimemtoa mtoto wake kwa watu, na hana mwingine wa kumficha.

Usinijibu kwa mzaha.

Zenonas


Kelmynė, 2 Novemba 1992

Zenonas,

Sina mzaha leo.

Niligeuza shingo, ndiyo. Nilikuwa nimeshainua mguu. Kisha nikamwona askari mmoja wa barabarani karibu na lango, kijana wetu, ana nembo ya nchi yetu kofiani, anakula tufaha. Askari tu. Mwili wangu haukuuliza ni wa serikali gani. Nilijikuta nimesimama nyuma ya mti, na ulimi umegeuka kipande cha ubao. Kama una hasira, ni haki yako, baki nayo.

Juzi nilirudi Medšilis. Niliapa kwa padri mbele ya mashahidi wawili wanaonikumbuka, mmoja wao Marcelė, ambaye amekuwa kiziwi lakini kovu la sikio langu alilitambua. Karatasi imepelekwa gazetini. Fundi wa mawe ameshafuta jina langu na kesho anachonga la kaka yako. Nimechelewa wiki mbili na kura zako hazirudi.

Lakini kuna jambo hukuliona, maana walikuwa wamekuzingira kule kwenye mlango wa kanisa wakikupigia kelele.

Mama yako aliachwa kwenye kiti, peke yake, blanketi limemdondoka. Watu wote walikufuata wewe. Nikatoka nyuma ya mti nikaenda kumfunika.

"Mama Agota, utapata baridi."

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Uršulė Varneikienė."

Hakushtuka hata kidogo. Akanitazama juu mpaka chini. "Umezeeka vibaya."

"Ndiyo, mama."

"Wameondoka?"

"Kina nani, mama?"

"Askari."

Kidogo nicheke. Nikayaona macho yake. "Wameondoka, mama."

"Umehakikisha? Na nyuma ya ukuta? Wanapenda kukaa nyuma ya ukuta."

Nikaenda, Zenonas. Mzee wa miaka sitini na saba, goti bovu, niliuzunguka ukuta wote wa makaburi. Niliinama nikachungulia chini ya gari la askofu. Yule wa tufaha alikuwa ameshapanda pikipiki yake akaenda zake. Nikarudi nikihema.

"Hakuna mtu, mama."

"Na yule mwenye redio?"

"Hayupo."

"Na jirani?"

"Alikufa zamani, mama. Nimeliona kaburi lake sasa hivi nikipita."

Hapo ndipo alipotoka kwenye kiti. Alishuka mwenyewe, nilijaribu kumshika akanipiga mkono. Akalala juu ya udongo kifudifudi, akalia. Sijui niuiteje mlio ule. Haukuwa wa bibi wa miaka themanini na tisa. Ulikuwa wa mwanamke wa miaka arobaini na minne aliyetoka uwanjani dakika hiyo. Alimwita kwa jina la nyumbani, la utotoni, ambalo sikulijua na sitaliandika. Alimwomba radhi kwa supu. Alisema, "Nilikula, mwanangu, niliimaliza."

Ilichukua muda ambao padri hutumia kwa mahubiri mafupi. Kisha akanyamaza, akanipa mkono nimwinue, akajifuta uso kwa upindo wa sketi, akakaa, akajifunika blanketi mpaka kidevuni. Wewe ulikuwa unakuja kutoka kanisani, mate ya yule bibi bado kwenye koti. Mama akanivuta sikio, akaninong'oneza:

"Usimwambie Zenonas. Yule hajui kunyamaza."

Nilimwahidi. Ahadi hiyo nimeivunja leo, na itakuwa juu yangu, si juu yako. Usimwonyeshe kwamba unajua. Usimwandikie shairi. Kaa naye tu, ule anachokupikia. Na siku atakapokuuliza kama wameondoka, usimwambie nchi iko huru, hilo halimhusu. Inuka. Angalia nyuma ya mlango, nyuma ya pazia, ndani ya kabati, shuka ngazi zote mpaka chini utazame barabarani. Kisha panda tena, umwambie.

Izidorius Varneika